Shombo Kwenye Kikombe

Haya jamani, shikamooni wazee wangu, vijana habari za jioni. Waliosimama mlangoni naomba wasogee, viti viko huku mbele, sijui kwa nini watu wa Moshi tunakimbia viti vya mbele. Nimepewa dakika arobaini, nikaambiwa nizungumzie lugha na milango ya fahamu, yaani maneno tuliyonayo mdomoni yanafanya nini kwenye macho yetu na pua zetu na ndimi zetu, na walionialika wanajua kabisa nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye kahawa. Haya mambo nimeyasema kwenye vikao vya ushirika, nimeyasema kwa walimu, nimeyasema kwa mabwana shamba, na leo nayasema tena kwa sababu bado hayajafanyiwa kazi.

Kahawa inachumwaje, inamenywaje, inakobolewaje, sielezi, humu ndani kila mtu kakulia kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, au kaoa kwenye kihamba. Ninachotaka mkiangalie ni kitu kimoja tu. Mapadre walipanda kahawa pale Kilema mwaka 1898, sasa hesabuni wenyewe ni vizazi vingapi, na mpaka leo mtoto wa Kilema akitaka kusema kahawa ya babu yake ina ladha gani anaazima matunda ya watu wengine. Hilo ndo linaniuma.

Sasa nisikilizeni hiki kisa, waliokisikia wavumilie.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasaidia kwenye mafunzo ya waonjaji, vijana wanane, na mkufunzi alikuwa mgeni kutoka nje, mtu mzuri, anajua kazi yake. Wale wasiojua meza ya kuonja ikoje niwaambie haraka: sampuli moja inawekwa vikombe vitano, kila kikombe gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji, maji ya moto karibu nyuzi 93, unamwaga, unasubiri kama dakika nne, juu inatengeneza utando mzito wa unga, alafu unachukua kijiko unausukuma ule utando taratibu huku pua umeishusha mpaka karibu inagusa kahawa. Pale utando unapopasuka ndo harufu yote inatoka kwa mara moja. Ukichelewa imepita.

Kwa hiyo tunazunguka meza, kimya, vijiko tu. Mimi nimeshapita, nimeshaandika alama zangu, sampuli ya tatu nimeiandikia safi. Nyuma yangu kuna binti, mtoto wa Nyumba ya Mungu kule bwawani, mama yake anauza samaki, na yeye mwenyewe kakua anapaa samaki kabla ya kwenda shule. Kafika kwenye sampuli ya tatu, kikombe cha pili, kasimama. Kainama tena. Kaenda cha tatu, karudi cha pili. Akaninong'oneza, mama, hiki kina shombo.

Nikamwambia andika.

Akaanza kutafuta kwenye fomu. Ile fomu ina maneno ya Kiingereza, kuna neno la udongo, kuna neno la moshi, kuna neno la dawa ya hospitali, shombo hakuna. Katafuta kwa kidole mstari kwa mstari mpaka chini, mwishowe kaandika pembeni kwa herufi kubwa: SHOMBO. Mkufunzi alipopita kuangalia akauliza hiki ni nini, mmoja akamjibu kwa Kiingereza kwamba maana yake samaki. Yule bwana akaonja akatikisa kichwa, akasema hakuna samaki hapa, akampunguzia alama.

Na alikuwa sahihi, samaki hakukuwepo! Kwani shombo ni samaki? Samaki wa kukaanga ananukia, unamsikia toka barabarani mate yanakutoka. Shombo ni kile kinachobaki. Umeshapaa samaki, umeshanawa na sabuni, umekaa zako saa zima, unajishika puani kukuna, hicho hapo. Ni kisu kilichooshwa kwa maji ya baridi. Ni sahani iliyoliwa mayai ikaoshwa harakaharaka, mama zangu mnaijua, ukinywea maji kwenye kikombe kilichokaa nayo unarudisha. Samaki na yai wapi na wapi? Lakini Mswahili kaona hivi vitu viwili vina kitu kimoja ndani yake akakipa jina lake peke yake. Ukitafsiri shombo ukasema samaki umeshaipoteza, umempa mtu sufuria umebaki na mchuzi.

Basi mimi nikarudi kwenye kile kikombe. Nawaambia ukweli mbele za watu, mara ya kwanza nilipita pale nikaandika safi, na pua yangu ilikuwa na miaka mingi ya kazi. Nilivyorudi na lile neno kichwani, ilikuwepo. Ndogo, chini kabisa, nyuma ya utamu, lakini ipo, na nikishaiona siwezi tena kutoiona. Nikawaita wengine bila kuwaambia kikombe kipi, nikawaambia tu tafuteni shombo. Saba wote walisimama palepale. Kesho yake tukaulizia yale magunia yalisafirije, ikaonekana lori lililoyaleta lilikuwa limebeba dagaa kabla, likafagiwa tu, na kahawa inavuta harufu kama kitenge kinavyovuta moshi wa jikoni.

Hapo ndipo ninapotaka mkae. Pua zilikuwa tisa ukinihesabu mimi, zote nzima. Mungu hakumpa yule binti pua ya pekee. Alichokuwa nacho ni neno, na neno lilimpa pa kukishikia kile kitu kabla hakijapita. Harufu ni kama mbuzi, inapita inaenda zake, neno ni kigingi, ukishakipiga chini mbuzi haendi popote, unaweza kumzunguka ukamtazama vizuri.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni, mama, wale saba uliwatajia ndo wakasikia, ungewaambia tafuteni mafuta ya taa wangesikia mafuta ya taa. Nakujibu, na sikujibu kwa hasira maana hilo ni swali la maana kuliko yote. Ndiyo, neno linaweza kudanganya pua. Mwaka 2001 kule Bordeaux, Ufaransa, kwenye chuo wanakofundisha waini, watafiti walichukua wanafunzi 54 wa fani hiyohiyo, wakawapa waini nyeupe na waini nyekundu waeleze harufu. Wakaeleza vizuri, nyeupe kwa maneno ya nyeupe, asali, limau, na nyekundu kwa maneno ya nyekundu. Siku nyingine wakawapa waini nyeupe ileile, ila nusu imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu wala ladha. Wakaieleza ile ya rangi kwa maneno ya waini nyekundu. Waini ni ileile! Jicho limeona nyekundu, jicho limeita maneno ya nyekundu, na pua imefuata maneno.

Mwaka huohuo Rachel Herz na mwenzake Marekani wakachapisha jaribio lingine, hili huwa nawaambia watu wasiwe wanakula. Kuna asidi mbili ukizichanganya zinatoa harufu iliyopo kwenye jibini kali ya Kitaliano, na ndizo hizohizo zilizopo kwenye matapishi. Ukimpa mtu anuse ukamwambia hii ni jibini, anasema nzuri, naweza kuila. Siku nyingine chupa ileile ukamwambia matapishi, anaikwepa, na ukimwambia ni kitu kimoja wengi hawakubali, wanaona umebadilisha chupa.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba nasema neno ni ukweli. Neno ni nguvu. Ndo maana hatukuishia mezani, tulikwenda tukatafuta lori. Lakini sasa, kama neno lina nguvu ya kumfanya mwanafunzi wa Bordeaux asikie waini nyekundu ndani ya nyeupe, basi tujiulize vijana wetu wanapewa maneno na nani? Hilo ndo swali langu la miaka yote.

Kuna kitu kinaitwa gurudumu la ladha, waonjaji wa kahawa dunia nzima wanalitumia, lilitoka 1995 likafanyiwa marekebisho 2016. Ni kazi kubwa, nalitumia, sina ugomvi nalo. Kila neno kwenye lile la 2016 lina kitu cha kulinganishia, kitu cha kununua dukani ukakionja ili ujue wakisema neno fulani wanamaanisha ladha gani. Vizuri sana. Lakini duka lenyewe ni supamaketi ya Marekani! Ndani yake kuna bluberi, kuna rasberi, kuna blakiberi, na kijana wa Marangu anakariri. Nimewaona kwa macho yangu, anavuta kahawa kwa kijiko, anaitemea, anasema kwa kujiamini bluberi, ukimuuliza umewahi kuitia mdomoni anasema hapana, ila nimefundishwa ikiwa tamu na ina ukali kidogo na ni ya rangi ya giza ndo bluberi. Huyo anaonja karatasi. Kahawa hajaionja.

Na wakati huo nje ya dirisha la darasa kuna mzambarau. Zambarau kaila tangu ana miaka minne, kaokota chini, kapuliza vumbi, kaitia mdomoni, ulimi umegeuka rangi siku nzima mpaka mama anajua alipitia wapi. Anaujua utamu wake wa mwanzo, anaijua ile hali inayokuja baada, mashavu yanabana kwa ndani, ulimi unakuwa kama umefutwa na kitambaa kikavu. Hiyo hali ina jina. Ukakasi. Neno moja, na kila mtu humu ndani nilipolitaja mashavu yamembana kidogo, msinidanganye, nawaona. Kahawa ikichumwa mbichi ina ukakasi, mkulima yeyote angeelewa sekunde hiyohiyo ukimwambia kahawa yako ina ukakasi, chuma iliyoiva. Badala yake tunampelekea fomu.

Tena afadhali fomu, mbaya zaidi ni pale tunapotafsiri. Kahawa yetu ya mlimani inasifiwa kwa kitu ambacho wanunuzi wanakiita asidi, na kwao asidi ni sifa, ni ule mchangamko wa chungwa kwenye ulimi. Sasa wewe mwambie mzee wa Kibosho kwamba kahawa yake ina asidi nyingi. Asidi kwake ni maji ya betri, asidi ni vidonda vya tumbo, daktari kamkataza. Nilishakaa kwenye kikao mzee akasimama kwa huzuni kabisa akauliza atumie dawa gani kuiondoa. Kahawa bora pale mezani, mwenye nayo anaomba dawa ya kuiharibu! Na maneno tunayo. Kuna uchachu wa pasheni, kuna uchachu wa ukwaju, kuna ule wa limau unaotia meno ganzi, kuna kuchacha kwa maharage yaliyolala bila kupashwa. Hivyo ni vitu vinne tofauti, vitatu vya kwanza unauza, cha nne unamwaga. Mwambie mzee kahawa yako ina uchachu wa pasheni, uone anavyokaa.

Na utamu, nao tunao mtihani, maana kwetu tamu ni sukari na tamu ni kila kinachopendeza, nyama tamu, wimbo mtamu, usingizi mtamu. Lakini tuna kukolea. Chai imekolea, chumvi imekolea, rangi imekolea, yaani kitu kimefika pale kinapotakiwa kufika, hakijapungua wala kuzidi. Nimetafuta mwenzake kwenye ile fomu sijamwona.

Watu wengine wananiambia mama, lugha zote ni maskini kwenye harufu, pua ya binadamu haina maneno, ndo maumbile. Hiyo iliaminika na wasomi wakubwa muda mrefu sana, kwamba macho yana maneno mengi, pua haina. Mpaka mtafiti anaitwa Asifa Majid na mwenzake Niclas Burenhult walipokwenda kwa Wajahai, watu wa msituni huko Malaysia, wawindaji na waokota matunda. Wajahai wana maneno kama dazani hivi ya harufu tupu, yaani sio harufu ya kitu fulani, ni harufu yenyewe, kama sisi tunavyosema nyekundu bila kutaja damu. Wana neno moja linaloshika petroli na moshi na kinyesi cha popo. Wana neno la uvundo wa kibanda cha zamani na uyoga na chakula kilicholala. Wana neno la harufu ya damu ile inayomvutia chui milia, na kwa mtu anayelala msituni hilo ni neno la kuokoa maisha. Mwaka 2014 wakatoa matokeo: wakawapa Wajahai na watu wa Kiingereza harufu zilezile wazitaje. Mjahai anataja kwa neno moja, wanakubaliana, sawasawa na wanavyotaja rangi. Mtu wa Kiingereza akinusishwa mdalasini, mdalasini jamani, anazunguka, anasema ni tamu, ni kama kitu fulani, ni kama ile bazoka fulani, jina silikumbuki. Majibu yake marefu mara tano kuliko ya Mjahai na hayajafika.

Alafu huyo ndo ametuandikia gurudumu. Simdharau, nasema tu kwamba kwenye pua hatuna sababu ya kwenda kwake tukiwa tumeinamisha kichwa.

Lakini niwe mkweli tena, maana 2018 Majid na mwenzake mwingine walirudi Malaysia wakalinganisha jamii mbili ambazo lugha zao ni ndugu kabisa. Moja wawindaji, moja wakulima. Wawindaji wakataja harufu kirahisi kama rangi, wale wakulima wakahangaika kama Waingereza. Kwa hiyo lugha peke yake haitoshi, neno linaishi pale ambapo kazi yake inaishi. Na hili linanikosesha usingizi. Bibi yangu alikuwa anapika mbege, ile pombe yetu ya ndizi, alikuwa anafunua pipa asubuhi, anainama, hana kipimajoto wala nini, anasema bado, au anasema leo, au anasema msesewe umezidi, lile gome chungu la kutia kwenye pombe, na kila hali ya ile pombe ilikuwa na jina kwa Kichagga. Mimi nimebaki na machache. Wanangu wamebaki na mawili, imeiva na haijaiva. Pua zao ni za bibi yangu, maneno hawana, na ukiwauliza harufu ya pipa la siku ya pili na la siku ya tatu zina tofauti gani wanasema zote ni mbege tu.

Muda... ngapi? Dakika kumi na mbili. Mama yangu. Nilikuwa na mambo ya macho na masikio, sasa nayapitisha harakaharaka.

Ila kwanza hili la kusikia, siwezi kuliacha. Nikiwa shule, mtoto mdogo, tulikuwa darasani kitu kimeoza nje, nikanyoosha mkono nikasema kwa Kiingereza kwamba nasikia harufu, nikatafsiri kama nilivyo. Mwalimu akaniuliza, unaisikia kwa masikio gani? Darasa likacheka, na nilisimamishwa pale mpaka kengele. Miaka mingi niliamini kwamba Kiswahili ndo kilichokosea, kwamba sisi ni watu tusiojua pua iko wapi na sikio liko wapi.

Sasa tazameni. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, njaa, kizunguzungu, uchungu, raha. Hatusikii rangi, rangi tunaona. Hivi vyote tunavyovisikia vinafanana kitu gani? Vinakuja vyenyewe! Hukuvifuata, hukunyoosha kitu, huwezi kuvifumbia kama jicho. Ukitaka kuvifuata kuna maneno mengine, unasikiliza, unanusa. Kunusa ni kazi, kusikia harufu ni kupokea. Hapo hakuna kosa, hiyo ni hesabu nzima ya mwili imepangwa kwa namna yake, na mwenye lugha hiyo anajua bila kufundishwa kwamba baridi na harufu na sauti vinaingia kwa mlango mmoja, mlango usio na komeo. Ilipokuja korona watu walikuwa wanasema sisikii harufu, sisikii ladha, na kila aliyesikia alielewa kwamba kuna mlango umefungwa. Alafu tuna kunuka na kunukia, irabu moja tu katikati, na tayari umeshamwambia mwenzako akimbie au asogee. Mwalimu, kama ungeniuliza tu ningekueleza. Nilikuwa na miaka tisa lakini ningekueleza.

Haya rangi. Kuna uvumi unaopendwa sana kwamba watu wasio na neno la bluu hawaoni bluu. Sio kweli, naomba mtu asitoke hapa akasema mama kasema hivyo. Kiswahili cha asili kina rangi tatu zinazobeba viambishi, -eupe, -eusi, -ekundu, na hizo tatu ndizo watafiti wawili, Berlin na Kay, waliandika 1969 kwamba lugha huanza nazo. Nyingine nyingi tumezitoa kwenye vitu, kijani kwenye majani, kijivu kwenye majivu, manjano kwenye bizari, zambarau kwenye zambarau, kahawia kwenye kahawa. Je, mababu zetu hawakuona anga juu ya kilele cha Kibo? Waliona. Neno halikupi jicho. Linalofanya ni kitu kidogo zaidi na cha kweli zaidi: Warusi wana maneno mawili, bluu nzito jina lake na bluu nyepesi jina lake, na mwaka 2007 ikapimwa, wakipewa bluu mbili zinazoangukia majina tofauti wanazitofautisha haraka kuliko zikiangukia jina moja, wa Kiingereza hawana hiyo haraka. Na ukimpa Mrusi namba azirudie kimoyomoyo huku anaangalia, ile haraka inapotea, kwa sababu umemshughulisha maneno yake. Yaani alikuwa anaona huku neno likimsaidia kimyakimya.

Sasa kwenye kahawa. Tunawaambia wachumaji chuma nyekundu tu, wanaleta nyekundu, ndani yake kuna iliyoanza jana na kuna iliyoiva kweli, na mnalalamika. Kuna mama mmoja hawaambii wachumaji wake nyekundu, anawaambia chuma damu ya mzee. Nyie wote mmeona vitenge vya damu ya mzee, mnajua ni ipi. Kapu lake ukilimwaga kwenye turubai ni rangi moja toka juu mpaka chini.

Sauti, dakika mbili. Waholanzi kama Waingereza wanasema sauti iko juu, sauti iko chini. Waajemi wanasema sauti nyembamba, sauti nene, kama sisi! Utafiti wa 2013, wakawawekea mstari kwenye kioo cha kompyuta huku wanasikiliza noti, waiimbe kama walivyoisikia. Mholanzi mstari ukiwa juu naye sauti inapanda bila kujua, unene wa mstari haumsumbui. Mwajemi kinyume chake, mstari ukinenepa sauti yake inashuka. Alafu wakawafundisha Waholanzi kwa muda mfupi kusema nene na nyembamba, na nao wakaanza kuyumbishwa na unene. Walimu wa kwaya mko hapa, nawaona, mnapiga mikono hewani panda panda panda, na mtoto wa miaka sita anakutazama hajui apande wapi. Mwambie ifanye nyembamba. Jaribuni Jumapili hii alafu mje mniambie.

Kuna ya maumivu pia, kuchoma na kuwasha na kuwaka na kukeketa na kupwita, jinsi mgonjwa anavyoingia kwa daktari na maneno matano akatoka na moja, ila hiyo nimeshakosa muda, itakuwa siku nyingine.

Naona birika limechemka na harufu nimeshaisikia toka dakika kumi zilizopita nikavumilia. Pale mezani kuna sampuli tano za kahawa, zote za mkoa huu. Mmepewa karatasi mlangoni, wengine mmeuliza mbona haina kitu, ndivyo nilivyotaka, haina orodha. Mkipita shusheni pua, andikeni neno la kwanza linalokuja, liwe la Kiswahili, Kivunjo, Kipare, Kimasai, liwe la jikoni kwa bibi yako, liwe la zizini, usiangalie limeandikwa wapi duniani. Karatasi nazikusanya zote, nina daftari nyumbani la maneno ya namna hii na linazidi kujaa. Usimuoneshe jirani, na tafadhali, nawaomba sana, mtakaosikia kitu kwenye sampuli ya nne msikitaje kwa sauti mpaka mtu wa mwisho awe amepita. Tuanze na wazee.